Mwaka Tuliouchinjia Ugonjwa Kuku

Nduku alikuja Jumanne saa nne asubuhi, amebeba mkate na pakiti mbili za maziwa, akasimama mlangoni bila kubisha. Mtu mwenye habari njema hubisha kwa nguvu, na mara nyingi huanza kuita jina lako akiwa bado kwenye ngazi. Nikamwambia, "Ingia, mama, mbona unasimama kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga?" Akaingia, akaketi kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, kile ambacho binti yangu Nekesa alikipenda mwaka ule wa mwisho kwa sababu hakikumzamisha nyonga. Jina lake kamili ni Faith Nduku. Mimi nikimtaja humwita msichana wa maabara, ingawa sasa ni mama wa mtu, ana mtoto wa miaka miwili anayeitwa Mumbua. Hakuniambia upesi. Alikunywa chai kikombe kizima, akauliza habari za goti langu, akauliza mjukuu wangu Shantel anasoma nini siku hizi, ndipo akaweka kikombe chini akasema, "Mama Nekesa, ile friji ilizima."

"Friji gani?"

"Ile kubwa ya baridi kali. Ile ya Nekesa."

Ilikuwa sikukuu ya Pasaka, alisema. Stima zilipotea, jenereta ikakataa kuwaka, na mlinzi aliyekuwa zamu alisikia kengele ikilia akadhani ni gari la mtu huko nje. Walipofungua baada ya sikukuu, barafu yote ilikuwa imekuwa maji, na vile vichupa vilikuwa vinaelea humo kama maharagwe kwenye sufuria. Nikamuuliza, "Na chake?" Akasema, "Chake pia." Nikamuuliza wamekipeleka wapi. Akasema sheria ni kuchoma, wamechoma vyote. Nikainuka nikaongeza maji kwenye chai, ingawa chai ilikuwa ya kutosha, kwa sababu mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya. Nekesa nilimzika miaka sita iliyopita, kwa hiyo mtu mwingine angeweza kuniuliza nalilia nini. Lakini kwa miaka hiyo sita kulikuwa na kichupa kimoja mahali fulani mjini, kimeandikwa mia mbili na kumi na saba, na ndani yake kulikuwa na kitu cha mwanangu ambacho hakikuwa kimekufa. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, vitu vyangu naviweka kichwani. Majina siyasahau. Nambari hunikimbia zote, hata ya simu yangu mwenyewe, lakini ile moja haikunikimbia.

Habari za baba yake Nekesa, na jinsi tulivyofika Nairobi, haziingii hapa. Hapa ni mwaka mmoja tu. Ulianza na kivimbe ndani ya paja la Nekesa, juu karibu na nyonga, kikubwa kama punje ya haragwe. Tulikuwa tunaishi Baba Dogo, chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia la maua, huku kitanda changu na Shantel, huku kitanda cha Nekesa, na jikoni ni ile kona ya dirisha iliyotazama ukumbi wa nje. Nje ya dirisha nilikuwa nimepanda sukuma kwenye magunia mawili. Kutwa nzima tulisikia mashine za viwandani, na upepo ukigeuka tunanusa sabuni ikichemshwa, harufu ambayo wageni huilalamikia na sisi hatukuisikia tena. Nekesa alikuwa anashona kola za mashati kiwandani, kola tu, tangu asubuhi hadi jioni, na alipoona kile kivimbe alisema ni cherehani, ni kile kiti, ni kukanyaga pedali kwa mguu mmoja. Kilipofika ukubwa wa yai la kware bado alisema ni cherehani. Mama Halima, jirani yetu wa mlango wa pili, mtu wa Lamu aliyeletwa Nairobi na ndoa, ndiye aliyemwambia, "We Nekesa, cherehani gani hiyo inakutagia mayai? Nenda hospitali."

Walimkata mara ya kwanza, kikarudi. Daktari, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitukalisha kwenye benchi lililokuwa kwenye ushoroba, akatuambia kwamba ni saratani ya nyama laini, si ya mfupa na si ya ngozi, na kwamba ni nadra. Nekesa akamuuliza, "Nadra kama dhahabu, daktari, ama nadra kama maji ya mfereji hapa kwetu?" Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Alisema wanaoipata ni wachache, na kwa kuwa ni wachache, dawa zake hazijatafutwa sana, wanatumia zile za wengine wakiomba zifanye kazi. Mimi nilifikiri sana juu ya hilo siku zile, na bado nalifikiria nikipeta mchele. Kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu hana wenzake wa kutosha wa kufa naye.

Wadi alimolazwa nilikaa humo hata nikawa kama mmoja wa wagonjwa. Dirishani alikuwa Grace Moraa, aliyefuata Teresia Wambui, halafu Nekesa, halafu Peninah Akoth ambaye alikuwa akiimba sauti ya pili ya nyimbo ambazo hakuna aliyekuwa akiimba ya kwanza. Mlangoni, Amina binti Abdi, mdogo kuliko wote. Nawataja kwa sababu sidhani kuna mahali pengine wametajwa pamoja. Nduku alikuja wadini akiwa na koti jeupe lililomzidi mabega, na karatasi. Alimwambia Nekesa kwamba akikatwa tena, kile kinachotolewa kwa kawaida huchukuliwa kipande cha kupimwa na kingine kutupwa. Wao walikuwa wanaomba kipande kikiwa bado hai. Watakiweka kwenye joto sawa na la mwili, watakilisha, na kikikubali kukua watakigawa vipande vipande na kuvijaribishia dawa, hii kwa hiki, hii kwa kile, wakiangalia ipi inakiua.

Nekesa akasema, "Yaani dawa ikiwa sumu, itakiua hicho kwanza badala yangu."

"Ndiyo hivyo."

"Na mkipata inayokiua, mtaniletea?"

"Tutamwambia daktari wako. Yeye ndiye atakayeamua. Siwezi kukuahidi."

"Na nikienda kabla hamjapata?"

Nduku akatazama karatasi zake. Alikuwa na miaka ishirini na tano wakati ule. "Basi kitabaki kwa ajili ya mwingine mwenye ugonjwa kama wako."

Mimi sikutaka. Kwetu mtu akikuomba nyama ya mwanao unamkimbiza na mwiko. Nikamwambia Nekesa kwa lugha yetu kwamba hatujui hawa ni watu gani, na Nekesa akanijibu kwa Kiswahili, kusudi Nduku asikie: "Mama, si unaniambia kila siku nisitupe chakula? Basi mimi pia sitaki kitupwe." Akaweka sahihi. Alikuwa na mwandiko mzuri, wenye mikia. Peninah Akoth akapiga makofi kutoka kitandani kwake, akasema, "Nekesa ameolewa na maabara!" Wadi nzima ikacheka, hata Amina.

Basi akakatwa mara ya pili, Nduku akachukua kipande chake, nasi tukarudi Baba Dogo tukangoja. Kungoja kwetu kulikuwa na namna yake, na hapa ndipo kosa letu lilipoanzia, kwa hiyo nitalieleza polepole. Nduku alikuwa ametuambia kwamba vipande vingi havikubali kukua. Vinakaa siku kadhaa, vinafifia, basi. Ukipata kinachokua ni bahati ya kazi yao, kwa sababu bila hicho hawana cha kujaribishia dawa. Sisi tulisikia neno bahati. Mimi ni mtu wa magunia ya sukuma. Katika maisha yangu yote sijawahi kuombea kitu kisikue. Mahindi yakiota, tunashukuru. Mtoto akiongeza kilo kliniki, tunashukuru. Kila jioni nikinyunyizia sukuma maji nilikuwa nikisema, "Na kile kingine, Mungu, kikue." Padri alikiombea kanisani. Mama Halima alikiombea msikitini, au alisema amekiombea. Shantel, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwa na lugha nyingine ila ile ya mtaa, aliuliza, "Shosho, kwani hiyo kitu hukula nini?" Nikamweleza nilivyoelezwa, kwamba inakunywa maji ya rangi ya waridi yenye sukari na vitu vya nguvu, na inabadilishiwa kila baada ya siku chache. Akasema, "Aki hiyo kitu inaishi poa kutushinda." Nekesa alicheka hadi akashika ubavu.

Simu ililia Ijumaa moja saa sita mchana. Nekesa alikuwa amelala, nikaipokea mimi. Nduku alisema, "Mama Nekesa, nilitaka tu mjue. Inakua. Inakua haraka kuliko zote tulizowahi kuwa nazo." Sasa nikikumbuka sauti yake naisikia ilivyokuwa, sauti ya mtu anayetoa habari za kazi na hajui azitoe kwa uso gani. Siku ile sikusikia sauti. Nilisikia haraka kuliko zote. Nilipiga vigelegele nikiwa na simu mkononi. Mama Halima alitoka mbio na mikono imejaa unga, nikamwambia imekua, akapiga vya kwake, na wanawake wa ploti nzima wakatoka kwenye milango. Mama Halima akasema, "Mama Nekesa, leo usituletee sukuma. Leo ni kuku." Nikamwambia ni kuku kweli, na Nduku lazima aje ale.

Kuku alichinjwa Jumapili na Mzee Salim, mume wa Mama Halima. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya ploti yetu: kuku wa Mkristo anachinjwa na Mzee Salim ili kila mlango ule. Alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akamgeuza kuku kuelekea kibla, akasoma, akachinja, akaniambia, "Mwenyezi Mungu amzidishie." Nikaitikia amina. Nilimpika kwa nyanya na kitunguu tu, kama alivyopenda Nekesa, na mrenda pembeni, na ugali wa wimbi niliouchanganya na muhogo. Nduku alifika akiwa amevaa gauni la kanisani. Wanawake walimkumbatia mmoja baada ya mwingine. Mama Halima alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja, akasema, "Hii mikono inaotesha! Njoo unioteshee na mimi nywele." Nduku alitabasamu, akatazama chini. Nikafikiri ni aibu ya msichana aliyelelewa vizuri.

Nekesa alikuwa ameketi nje chini ya dirisha, kwenye kile kiti cha mbao, kando ya magunia. Alimwita Nduku aketi karibu naye juu ya ndoo iliyofunikwa. Mimi nilikuwa ndani kwenye kona ya jikoni, nimeinama juu ya jiko, na kati yetu kulikuwa na dirisha lililokosa kioo kimoja. Nilimsikia Nekesa akisema, bila kupandisha sauti, kama anavyouliza bei ya nyanya, "Nduku, kitu kikikua haraka hivyo nje, huku ndani kinafanya nini?"

Ile ndoo ilikwaruza sakafu.

"Mimi nashona," Nekesa akasema. "Kitambaa kinachochanika upesi mezani kitachanika upesi mwilini. Niambie tu."

"Zinazokua haraka huwa ndizo kali," Nduku akasema. "Si kila mara. Lakini mara nyingi. Samahani. Nilitaka kukwambia wewe, mama ndiye aliyepokea simu. Nikasikia vigelegele."

Huko uani watoto walikuwa wanapigana juu ya mguu wa kuku ambao haujatolewa hata kwenye sufuria. Kisha Nekesa akasema, "Usimwambie mama leo. Wacha ale."

Nilisimama pale na upawa mkononi. Mchuzi ulikuwa unachemka na nakumbuka niliupunguzia moto, kwa sababu nilihofia utaungua. Hilo ndilo nililolifikiria, mchuzi. Halafu mengine yakaja yote pamoja: kwamba kila jioni juu ya yale magunia nilikuwa nimemwomba Mungu kwa jina amkuze adui wa mwanangu, na kwamba Mungu, ambaye hakunisikia kwa mengi, kwa hili alinisikia. Nilichota mchuzi. Nikajifuta uso kwa leso. Nikatoka na sinia nikitabasamu, kwa sababu mwanangu alitaka nile.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, mwanamume. Mwanamke haigusi, na nyumba isiyo na mwanamume humwekea mgeni wa kiume. Siku ile niliitoa kwenye sufuria kwa mikono yangu nikaiweka kwenye sahani ya Nekesa, juu kabisa, ionekane. Mama Halima akaguna, "Haya! Leo sheria za Bungoma zimevunjika!" Nekesa aliitazama ile firigisi, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Akajua kwamba nimesikia. Mimi nikajua kwamba amejua. Akaila yote, akitafuna polepole, kwa kuwa firigisi ni ngumu, na akasema ni tamu. Nduku naye alikula. Tulimwombea, tukamwekea mikono kichwani, tukamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake, na yeye akalia, na wanawake wakasema ni Roho.

Mwezi uliofuata nilimwomba Nduku anipeleke maabara nikaione. Nilikuwa nimejiandaa kuitukana. Maneno nilikuwa nayo, ya lugha yetu, yasiyotafsirika. Ilikuwa kwenye chumba kidogo chenye baridi, na ndani ya chumba kulikuwa na kabati kama friji, ila Nduku alipolifungua lilitoa joto. Akatoa kisahani chembamba chenye maji ya waridi, kimeandikwa nambari kwa kalamu nyeusi. Nikamuuliza mbona hakina jina. Akasema hawaruhusiwi kuandika jina, ni kumlinda mgonjwa. Nikamwambia, "Sasa nani atajua ni nani?" Akasema, "Mimi najua." Akaniweka kwenye darubini, akanirekebishia kwa kidole mpaka nikaona. Chembe zake zilikuwa ndefu nyembamba, zimelala upande mmoja, zimebanana, kama mchele wa pishori uliomwagika ndani ya maji. Nilitazama hadi jicho likatoka machozi. Nikamuuliza lile joto ni la kiasi gani. Akasema ni lile lile la mwili wa mtu, si zaidi si pungufu. Matusi yakanipotea. Ningeitukanaje? Ilikuwa imetoka kwake. Ilikuwa na joto lake, na wakati ule Nekesa mwenyewe nyumbani alikuwa amejifunika blanketi mbili akitetemeka mchana wa jua kali.

Walijaribisha dawa. Nduku alikuwa akija Baba Dogo kila mara wanapomaliza kundi moja, na nilijifunza kumsoma kuanzia mwisho wa ngazi. La kwanza, hakuna. La pili, kulikuwa na moja iliyozipunguza kidogo, halafu zikazoea zikarudi. Nekesa akasema, "Kaidi kama mama yangu." La tatu alikuja bila koti, bila mkate, akasimama pale pale mlangoni. Nekesa hakuweza tena kuketi, ugonjwa ulikuwa umepanda kwenye mapafu, na alikuwa akiongea kwa vipande, neno na pumzi, neno na pumzi. Akamuuliza, "Hata moja?" Nduku akasema, "Hata moja. Zile tulizo nazo. Zikija nyingine tutajaribu tena, tumezihifadhi kwenye barafu." Nekesa akafumba macho. Nilidhani amelala. Baadaye akasema, "Basi zitunze." Hakusema kitu kingine siku hiyo. Alikufa siku nane baadaye, asubuhi, Shantel akiwa shuleni, na mimi nikiwa nachambua mrenda kwa sababu alikuwa amesema labda ataonja.

Tulimpeleka nyumbani, Bungoma. Shemeji yangu Wafula, ndugu mkubwa wa baba yake Nekesa, ndiye aliyesimamia kaburi. Kabla hawajateremsha sanduku alinivuta kando penye migomba, akaniuliza jambo ambalo wazee wa kwetu huuliza mtu akifia hospitalini. "Shemeji, mtoto amekamilika? Hakuna kilichobaki huko?" Kwa sababu mtu hazikwi nusu. Kikibaki kitu juu ya ardhi, mwenyewe hatulii, na wanaobaki hawatulii. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Amekamilika." Wafula alinishukuru. Nimeishi na uongo huo miaka sita, na nitasema kweli, kuna siku uliniuma na kuna siku ulinipa joto. Kuna siku nikifua nguo nilikuwa nikijiambia kwamba mahali fulani, ndani ya barafu, Nekesa bado anangojea dawa. Najua si yeye. Nduku alinieleza mara nyingi kwamba ule ni ugonjwa, si mtu. Lakini alisema zitunze, na zilikuwa zimetunzwa, na dawa mpya ingeweza kuja kesho, ikajaribiwa juu yake, na mtoto wa mtu mwingine akapona. Hicho ndicho kilikuwa kimebaki cha ule mwaka. Jumanne hiyo Nduku alipomaliza kuniambia habari za friji na moto, nilihesabu moyoni nikaona kwamba jenereta imenisafishia uongo wangu. Sasa Wafula nilimwambia kweli. Amekamilika.

Nduku hakuondoka. Alikata mkate alioleta mwenyewe, akanipa kipande, akasema, "Kuna lingine, Mama Nekesa. Kuna mama huko Buruburu. Binti yake ana ile ile. Tulichukua kipande wiki tatu zilizopita."

"Ile ile ya Nekesa?"

"Ile ile. Ni ya kwanza tangu yeye." Akajipangusa makombo. "Kikikua haraka, lazima nimwambie. Na sitaki kukosea tena. Nilikula kuku wenu, mama. Kila mwaka nakumbuka nilikula kuku wenu. Nakuomba twende wote, uongee naye kabla."

Nilikataa. Nikamwambia mimi si daktari wala padri. Nikamwambia goti. Akakubali, akavaa viatu, na alipofika kwenye ngazi nikamwita nikamuuliza huyo mama anaitwa nani. Akasema, "Rose Adhiambo. Binti ni Joy." Basi. Mtu akishanipa jina siwezi tena kujifanya sijui. Tulikubaliana Alhamisi. Siku mbili nzima nilitayarisha la kumwambia, nikilipunguza kama mtu anayechuja chai, mpaka likabaki moja, kwa kuwa nilijua mama katika hali ile hawezi kubeba mengi. Ningemwambia: Rose, wakikupigia simu kukwambia inakua, usichinje kuku. Akiuliza kwa nini, ningemweleza yote, pole pole, nimemshika mkono, na asingekuja kuyasikia akiwa ameinama juu ya jiko.

Nyumba yao ni zile za Buruburu zenye geti dogo la chuma na maua ya rangi mbili. Tulipofika getini nilisimama. Nduku alidhani ni goti, akanishika kiwiko. Ilikuwa ni harufu: nyanya, kitunguu, mafuta ya kukaangia, na ile harufu nyingine ambayo hata kipofu hawezi kuikosea. Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Rose Adhiambo ni mwanamke mnene, mzuri, alikuwa amefunga leso juu ya nguo ya ofisini, na uso wake ulikuwa unang'aa. Akamrukia Nduku shingoni. "Mwenzako Lydia amenipigia asubuhi! Inakua! Anasema inakua vizuri ajabu! Nimeomba ruhusa kazini nikarudi. Karibuni, karibuni. Huyu ndiye mama uliyemsema? Mama, karibu sana, umekuja siku nzuri."

Nduku aligeuka akanitazama, na uso wake ukawa ule wa miaka ishirini na tano. Sebuleni kulikuwa na vitambaa vyeupe kwenye makochi, na runinga iliyozimwa sauti, na kwenye kochi la mwisho msichana mwembamba amenyoosha mguu juu ya mto. Huyo ndiye Joy. Hakuwa anang'aa. Alimtazama Nduku, akamtazama mama yake akikimbilia jikoni kugeuza nyama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa, na akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutumia mkono.

Rose aliita kutoka jikoni, "Mama, unakula kuku?"

Lile neno nililolichuja siku mbili lilikuwa kinywani. Nilivua sweta, nikaliweka juu ya kochi karibu na mguu wa Joy, nikaingia jikoni nikamwuliza Rose mwiko uko wapi, nimsongee ugali.